Kujinasua na uraibu wa video fupi: simu, bando na usiku

Hakuna anayejilaza kitandani akaamua kuangalia video fupi kwa saa tatu. Anachoamua ni video moja ya sekunde 20, na ikiisha, ya pili imeshaanza kabla hajafikiri. TikTok, Reels za Instagram na Facebook, pamoja na Shorts za YouTube, zote zimejengwa hivyo: hazina mwisho, na haziulizi kama umetosheka. Ukurasa usioisha ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, ambaye baadaye alisema hadharani kwamba anajutia kazi yake hiyo. Juu ya hapo kuna kutojua kinachofuata. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba njiwa anayepata punje mara mojamoja, bila mpangilio, hudonoa kitufe kwa muda mrefu zaidi kuliko anayepata punje kila akidonoa. Video nne za hovyo, ya tano inakuvunja mbavu. Hiyo ya tano ndiyo inayokufanya uendelee kupandisha kidole.

Ndiyo maana kuapa hakusaidii sana. Mtu anaapa asubuhi akiwa na akili iliyotulia, halafu anajaribiwa saa tano usiku akiwa amechoka, yuko peke yake gizani, na simu iko mkononi. Hatua zilizo hapa chini hazihitaji uwe na moyo wa chuma. Zinahitaji siku moja ya kupanga simu yako, mabadiliko kwenye ununuzi wa bando, na uamuzi kuhusu mahali simu inapolala.

Pima kwanza, usikate chochote

Kwa siku tatu za kawaida, mojawapo ikiwa ya mapumziko, tumia simu kama ulivyozoea. Kisha fungua Mipangilio, uingie Digital Wellbeing. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili utaikuta kwa jina la Nidhamu Dijitali. Kwenye iPhone ni Settings, halafu Screen Time. Andika kwenye karatasi mambo matatu: dakika za kila programu, mara ulizofungua simu kwa siku, na saa ambazo matumizi yalipanda. Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote na watu wengi hawaliangalii. Kwa wengi muda haujatawanyika siku nzima, bali umerundikana mahali pawili au patatu: kitandani kabla ya kuamka, kwenye foleni ya daladala au matatu, na kuanzia saa nne usiku. Ukijua yako ni ipi, hutahangaika na saa ambazo hazina tatizo.

Piga pia hesabu. Saa tatu kwa siku ni saa 21 kwa wiki. Kwa mwaka ni saa 1,095, yaani zaidi ya siku 45 kamili, usiku na mchana.

Kama unajiuliza iwapo umefika kwenye uraibu au ni kupenda tu, watafiti wa Bergen, Norway, walitunga kipimo cha maswali sita. Katika mwaka uliopita, ni mara ngapi umefikiria sana mitandao hata ukiwa huitumii. Umehisi hamu ya kuitumia zaidi na zaidi. Umeikimbilia ili usahau matatizo yako. Umejaribu kupunguza ukashindwa. Umekosa utulivu ulipozuiwa. Na umeitumia hadi kazi au masomo yakaharibika? Kila swali jipe alama kuanzia 1, mara chache mno, hadi 5, mara nyingi mno. Ukipata 3 au zaidi kwenye maswali manne au zaidi, lichukulie kwa uzito. Si hukumu ya daktari: orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inautambua uraibu wa michezo ya video, lakini mitandao ya kijamii haijapewa jina lake la ugonjwa. Hilo halipunguzi maumivu ya anayefukuzwa kazi kwa kuchelewa kila siku.

Tenganisha watu na msururu

Kosa la kwanza la wengi ni kufuta kila kitu kwa hasira. Siku ya pili mama anapiga WhatsApp haipatikani, kikundi cha msiba kinatoa taarifa hawaioni, mteja anaondoka. Siku ya nne kila kitu kimerudishwa, TikTok ikiwemo.

Gawa programu zako mafungu matatu. La kwanza ni za lazima: simu, ujumbe, pesa, ramani, benki. La pili ni za watu: WhatsApp, na popote unapoongea na mtu unayemfahamu. La tatu ni msururu, yaani zile zinazokuletea video za watu usiowajua bila wewe kuziomba. Kisu kinakwenda kwenye fungu la tatu tu. Instagram na Facebook zina vyote viwili ndani, ndiyo maana zinasumbua, na zina hatua zake hapa chini.

Siku ya kupanga simu

Tenga saa mbili mchana, simu ikiwa na chaji.

Anza na kufuta TikTok kwenye simu. Kufuta programu si kufuta akaunti: video zako na wafuasi wako wanabaki. Kama kufuta kabisa kunakutisha, ifute kwa wiki mbili tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, ambamo watu walifungiwa intaneti ya simu kwa wiki mbili huku wakiendelea kupiga simu na kutuma ujumbe, uliona uwezo wao wa kutulia kwenye jambo moja ukiongezeka. Wiki mbili ni muda wa kutosha kuhisi tofauti.

YouTube kwenye simu nyingi za Android haifutiki. Nenda Mipangilio, Programu, YouTube, kisha uchague kuizima. Ukihitaji somo au mahubiri, yafungue kwenye kivinjari kwa kutafuta jina lake. Asiyetaka kuizima afanye hivi: ndani ya YouTube aingie kwenye historia ya kutazama, aifute yote, kisha aisimamishe. Tangu mwaka 2023, ukurasa wa mwanzo wa asiye na historia hauonyeshi mapendekezo. Ukifuta bila kuisimamisha, itajijaza tena kwa siku chache. Ukiisimamisha bila kufuta ya zamani, mapendekezo yataendelea kuja. Lazima vyote viwili.

Instagram na Facebook zifute kwenye simu, uzitumie kwa kivinjari. Toka kwenye akaunti kila ukimaliza na usikubali kivinjari kihifadhi nenosiri. Kule kuandika nenosiri kila mara kunachukua sekunde 20, na sekunde 20 zinatosha kabisa kumfanya mtu ajiulize alikuwa anatafuta nini. Reels bado zitakuwepo kwenye kivinjari, ila zinakwenda kwa kusuasua, na huo usumbufu ni faida yako.

Kinachobaki kiwekee kikomo. Kwenye Android ingia Digital Wellbeing, fungua orodha ya programu, bonyeza alama ya shisha ya mchanga pembeni ya jina, weka muda. Lengo zuri la kuanzia ni dakika 30 kwa siku kwa mitandao yote pamoja. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 2018, wanafunzi waliojiwekea dakika 10 kwa Facebook, 10 kwa Instagram na 10 kwa Snapchat kwa wiki tatu walipungukiwa upweke na huzuni. Kama leo uko kwenye saa nne, shuka kwa nusu kila wiki badala ya kuruka moja kwa moja.

Hapa pana mtego unaowaangusha wengi. Kikomo cha Android kinaanza upya saa sita kamili usiku. Mtu amemaliza dakika zake saa tatu, anavumilia, saa sita inagonga anapewa mgao mpya, na huo ndio muda mbaya kuliko yote. Dawa yake ni kutumia Focus mode iliyo humohumo: chagua programu za kufungwa, weka ratiba ya saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, siku zote saba. Kwenye simu saa hizo zinasomeka 21:00 hadi 07:00. Angalia vizuri usije ukaweka 03:00.

Kwenye iPhone, App Limits haina nguvu bila namba ya siri, maana kuna kitufe cha kupuuza kikomo. Washa Block at End of Limit, kisha mpe ndugu au rafiki aweke namba ya siri ya Screen Time asiyokuambia. Simu itauliza akaunti ya Apple ya kurejesha namba hiyo ikisahaulika. Ukiweka yako, siku ya hamu utaibadilisha mwenyewe kwa dakika mbili. Aweke yake, au aruke hatua hiyo na kuandika namba mahali.

Watumiaji wa Tecno, Infinix na itel wana jambo la ziada. Ukitelezesha skrini ya mwanzo kuelekea kulia, simu nyingi za aina hizo hufungua ukurasa wa habari na klipu ambao hukuuomba. Bonyeza skrini tupu kwa muda, ingia mipangilio ya skrini ya mwanzo, uzime ukurasa huo. Kivinjari kilichokuja na simu nacho huwa na habari na video chini yake. Tumia Chrome na uzime Discover, yaani ile orodha ya habari zinazopendekezwa kwenye ukurasa wake wa mwanzo. Watu hufuta TikTok kwa taabu kubwa, halafu baada ya wiki wanajikuta wanaangalia video zilezile ndani ya kivinjari.

Halafu arifa. Ziruhusu zinazotoka kwa binadamu au kwa pesa zako tu: simu, ujumbe wa kawaida, WhatsApp, benki. Nyingine zote zima, si kunyamazisha sauti tu, maana ile nukta nyekundu nayo inaita. WhatsApp izime isipakue video yenyewe, kwenye Storage and data. Vikundi vya klipu viweke kwenye kumbukumbu, na chaneli unazofuata zipunguze. Hali za WhatsApp za marafiki zina mwisho, hivyo si adui mkubwa, isipokuwa kama karatasi yako ya siku tatu inasema vingine.

Kuondoa rangi kwenye skrini kunasaidia wengine. Kwenye Android kumo ndani ya mipangilio ya ufikivu, sehemu ya kusahihisha rangi; kwenye iPhone ni Accessibility, Display & Text Size, Color Filters. Ni nyongeza tu. Usiitegemee peke yake, kwani macho yanazoea.

Bando ni kufuli lako

Hii ni silaha ambayo miongozo ya nje haiitaji, na kwa anayenunua intaneti kwa vifurushi ndiyo kali kuliko zote. Video inakula MB nyingi. Maandishi ya WhatsApp yanakula kidogo mno. Kwa hiyo kifurushi kidogo kinakata video na kuacha mawasiliano. Fungua matumizi ya data kwenye simu, angalia mwezi uliopita programu zako za lazima na za watu zilikula kiasi gani, ongeza robo yake, nunua kiasi hicho tu. Weka pia kikomo cha data kwenye Mipangilio ili simu ijikatie yenyewe.

Acha kununua vifurushi vya usiku. Bei yake ni ndogo, lakini vinafanya kazi kuanzia saa sita hadi alfajiri, na aliyekinunua anajiona amepoteza pesa asipokimaliza. Mtu anaokoa shilingi mia kadhaa na kupoteza usingizi wa saa nne. Ukiwa na jambo la kupakua kweli, la masomo au kazi, lipange lijipakue na simu iwe chumba kingine.

Nyumba yenye Wi-Fi isiyo na kikomo inahitaji njia tofauti. Chomoa kisanduku chake saa nne usiku, au tumia ratiba iliyo ndani ya mipangilio yake. Zungumza kwanza na wenzako wa nyumbani. Mume au mke atakayekuta intaneti imekatwa bila taarifa hatakuwa upande wako.

Simu isilale chumbani

Kama utafanya jambo moja tu katika yote haya, fanya hili. Simu ilale sebuleni au jikoni kwenye chaji, kuanzia saa nne usiku. Linakata nyakati mbili kwa pamoja, ya usiku na ya asubuhi kitandani.

Sababu inayotajwa mara nyingi ya kutofanya hivyo ni kengele ya kuamkia. Nunua saa ya mezani ya betri, zipo kwenye maduka ya vitu vidogo kwa bei ya soda chache. Sababu ya pili ni dharura: mzazi mgonjwa, mtoto shuleni. Hiyo ni sababu ya kweli, na jibu lake ni kitochi, kile wanachokiita pia kiswaswadu, na Kenya kabambe. Hamishia humo laini ambayo ndugu zako wanaijua. Laini za siku hizi ni ndogo sana, kwa hiyo utahitaji fremu ya plastiki ya kuikuza. Ibane kwa kipande cha selotepu, maana laini ikichomoka ndani ya kitochi inanasa kwenye pini na kuzivunja. Pesa haikuzuii: *150*00# ya M-Pesa Tanzania na *334# ya M-Pesa Kenya zinafanya kazi kwenye kitochi bila intaneti.

Anayeishi chumba kimoja hana sebule. Aiweke simu ndani ya begi lenye zipu, begi juu ya kabati, upande wa mbali na kitanda. Kinachotakiwa ni kwamba ili aishike lazima asimame.

Jaza shimo ulilolichimba

Ukiondoa saa tatu kwa siku na usiweke kitu, saa hizo zitarudi zilikotoka. Panga kwa sentensi fupi zenye sehemu mbili, hali na tendo, kama alivyoonyesha mwanasaikolojia Peter Gollwitzer: nikikaa kwenye kiti cha daladala, nitasikiliza sura moja niliyoipakua, nikimaliza kula usiku, nitampigia dada, nikiamka, nitakunywa maji kabla ya kugusa simu. Ziandike, zisizidi tatu. Ahadi ya jumla kama "nitasoma zaidi" haishiki kwa sababu haina saa wala mahali.

Chagua vitu rahisi. Anayetoka kwenye video za sekunde 20 hawezi kuingia moja kwa moja kwenye kitabu cha kurasa 400. Aanze na kurasa tano, au redio, au kukunja nguo huku akisikiliza mawaidha au hotuba. Kusikiliza kunavumilika mapema kuliko kusoma. Mazoezi ya viungo, mpira wa jioni, kwaya, darsa, kumsaidia mtoto hesabu, vyote vinafaa zaidi kuliko burudani nyingine ya kioo. Kuhamia kwenye tamthilia za vipindi 80 ni kubadilisha chumba ndani ya nyumba ileile.

Wiki mbili za mwanzo

Tarajia kuboeka kwa kukosa la kufanya. Mkono utakwenda mfukoni wenyewe, kidole kitatafuta mahali ilipokuwa TikTok, na utahisi simu inatetemeka wakati haijatetemeka. Wengine huwa na hasira za karibu, na jioni huonekana ndefu mno. Hayo ni ya kawaida na yanapungua.

Hamu ikija, usibishane nayo. Hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, kwa kawaida ndani ya nusu saa hata usipoilisha. Angalia saa, jiambie utaamua baada ya dakika 15, kisha ondoka mahali ulipo: nje, bafuni, dukani. Kubaki kwenye kochi lilelile ambalo umeperuzi mwaka mzima kunaifanya iwe ngumu zaidi.

Utateleza, karibu kila mtu anateleza. Jumapili ya mvua, ugomvi na mpenzi, mshahara umechelewa, na unarudisha TikTok "kuangalia kitu kimoja". Hatari iko kwenye mawazo ya kesho yake kwamba kila kitu kimeharibika. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu wanaojenga tabia mpya, wakaona wastani ni siku 66, wengine 18, wengine 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari. Futa tena siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu. Kisha andika ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, nini kilikuwa kinakuuma. Ukiteleza mara tatu mahali palepale, ongeza kizuizi hapo badala ya kujilaumu.

Kama mtandao ndio kazi yako

Muuza nguo wa Instagram hawezi kuambiwa aondoke Instagram. Atumie Meta Business Suite: inapanga machapisho ya Facebook na Instagram kabla ya muda na kujibu wateja bila kupita kwenye msururu wa Reels. Ajiwekee nyakati tatu za kujibu, kwa mfano saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, na aziandike kwenye wasifu ili mteja asione amepuuzwa. Kama anaweza, simu ya pili ya biashara ibaki dukani. Na "natafuta mawazo ya maudhui" ipewe dakika zake, na kengele. Wafanyabiashara wengi hupotelea hapo wakiamini wako kazini.

Mtoto na simu

Mtoto hawezi kuwekewa sheria ambayo wazazi hawaifuati mezani. Tumia Family Link ya Google kwenye Android, weka muda wa siku na saa ya simu kulala, na mwelezee kwa nini. Akikasirika siku za mwanzo, msikilize bila kulegeza. Kama anaficha simu kwa hofu, au kuna mtu anamtisha mtandaoni, suala limeshavuka video. Namba 116 ya huduma kwa watoto inapatikana Tanzania na Kenya.

Kinachojificha nyuma

Wapo watakaofuata kila hatua na bado wakashindwa. Mara nyingi simu inafunika kitu: msiba usioliliwa, ndoa inayouma, kukosa ajira, huzuni isiyo na sababu inayoonekana. Ukikaa kimya bila simu na yanakuja mawazo ya kujidhuru, au huwezi kulala wala kula kwa zaidi ya wiki mbili, usiendelee kupambana na skrini. Nenda hospitali yenye kliniki ya afya ya akili. Hospitali za rufaa huwa nazo. Sema wazi: silali, naangalia video hadi alfajiri, siwezi kuacha. Mhudumu mwenye ujuzi hatakucheka.

Pima tena baada ya wiki nne kwa njia ileile ya siku tatu. Usiangalie dakika za jumla peke yake. Tazama mara ulizofungua simu na saa uliyolala. Na kila mwezi pita kwenye mipangilio dakika tano, kwa kuwa simu ikijisasisha huweza kuwasha upya arifa na kurudisha ukurasa wa klipu ulioufunga. Ukinunua simu mpya, panga haya yote kabla ya kuweka programu yoyote, usiku uleule wa kuifungua.